Paka shume: maliza kundi moja kabla ya kugusa jingine

Paka wakizidi mtaani, mapendekezo huwa mawili: watiwe sumu, au wakusanywe wakatupwe mbali. Nimeyasikia yote mawili kwenye vikao vya majirani, nami huuliza swali moja tu: kile chakula kilichowaleta kimeondoka? Jalala likibaki wazi, paka wa mtaa wa pili watahamia, na wale walionusurika watazaa upya. Sumu nayo haichagui. Humpata mbwa wa mtu, kuku, hata mtoto anayeokota vitu chini. Chukua Kisiwa cha Marion kilicho chini ya Afrika Kusini: paka watano walipelekwa huko mwaka 1949 ili wakamate panya, na kufikia miaka ya 1970 walikuwa maelfu. Kuwamaliza kulihitaji virusi vya ugonjwa wa paka, bunduki, mitego na sumu, na kazi ikaisha mwaka 1991. Na hicho ni kisiwa, hakuna paka wa kuingia kutoka kwa jirani. Mtaa wako haujazungukwa na bahari.

Kinachobaki ni kuwakamata, dume ahasiwe, jike atolewe kizazi, wote wachanjwe, kisha warudishwe palepale walipokamatwa. Njia hii ninaiunga mkono, ila kwa sharti moja ambalo watu wengi hulikwepa: lazima umalize kundi zima. Jike hushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, huibeba kwa miezi miwili na siku chache, na anaweza kushika nyingine hata kabla hajaachisha watoto kunyonya. Ukihasi wawili hapa, watatu kule, wanne ng'ambo ya barabara, pesa zitaisha na mwakani paka watakuwa walewale au zaidi. Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 70 ya kundi au zaidi, tena ndani ya muda mfupi. Mimi husema lenga wote, kwa sababu yule mmoja mjanja anayekwepa mtego mara nyingi huwa ni jike.

Ndiyo maana sikubali mpango wa kuhasi madume peke yao kwa kuwa upasuaji wao ni mwepesi na wa bei nafuu. Dume mmoja aliyesalia anawatosha majike wote. Madume wahasiwe, maana wanapunguza kupigana, kukojolea kuta na kupiga kelele usiku. Lakini fedha zikiwa chache, anza na majike.

Je, afya ya watu inaingiaje hapa? Kichaa cha mbwa ndicho kinachoogopwa, na ni kweli paka huweza kukiambukiza, ingawa hadi asilimia 99 ya wagonjwa wa binadamu duniani hukipata kutoka kwa mbwa. Kwa hiyo paka akiwa bado chini ya nusukaputi, achomwe chanjo hiyo hapohapo. Huenda usimshike tena maishani. Ukikubali aondoke bila chanjo, umefanya nusu ya kazi.

Jambo lisilosemwa sana ni watoto wa paka. Vimelea vya toksoplasma, ambavyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye kinyesi cha paka kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida anapoambukizwa mara ya kwanza, na hilo humpata zaidi paka mchanga aliyeanza kuwinda. Minyoo nayo hupita kwenye maziwa ya mama. Kila uzao mpya ni kundi jipya la wachafuzi wa mchanga ambao watoto wetu huuchezea na bustani tunazochuma mboga. Uzazi ukikoma, wanabaki paka wakubwa ambao wengi wao walishapita kipindi hicho. Mjamzito bado asiguse kinyesi chao, na mboga zioshwe vizuri, lakini mzigo unakuwa umepungua.

Sasa mtego, yaani kizimba ambacho mlango wake hujifunga paka akishaingia. Walishe mahali pamoja, saa ileile kila siku, mpaka wazoee, na uwapige picha ili ujue idadi yao na nani ana mimba. Siku moja kabla ya kukamata, usiwape chakula. Njaa huwaingiza mtegoni, na daktari wa mifugo naye hataki mgonjwa mwenye tumbo lililojaa. Waambie majirani wote wanaowalisha, maana bibi mmoja mwenye huruma akimwaga mabaki asubuhi, siku yako imeharibika. Tandika gazeti ndani ya mtego, weka samaki mwenye harufu kali mwisho kabisa, kisha kaa karibu. Mtego usiachwe peke yake hata kidogo. Paka akinaswa, ufunike kwa kitambaa kizito, gizani hutulia. Usimshike kwa mkono, hata akionekana mpole.

Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jike mwenye chuchu zilizojaa ana watoto mahali fulani. Mwombe daktari amtangulize, na arudishwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzinduka. Dume huhitaji kama siku moja ya kupumzika, jike mbili au zaidi, na nyuzi ziwe za kuyeyuka zenyewe kwa sababu hakuna atakayerudi kuzitoa. Usimpe paka panado kwa maumivu hata kipande; humuua.

Sisitiza pia ncha ya sikio moja ikatwe wakati bado amelala. Ndiyo alama pekee inayoonekana kwa mbali, na inamwepusha na kupasuliwa bure mara ya pili.

Kuna pingamizi ambalo silibishi: paka aliyehasiwa bado anawinda ndege. Penye mazalia ya ndege adimu njia hii haifai, na wahamishiwe kwingine au wasirudishwe kabisa. Mitaani, sokoni na kwenye nyua za hospitali naiona inafaa, mradi jalala lifunikwe na pawepo mtu mmoja wa kuwahesabu wakati wa kula. Akitokea mgeni mwenye masikio mazima yote mawili, mtego urudi kazini wiki hiyohiyo.