Kuwa na akili mnemba hakutoshi kupata hataza

Umeuliza kama kifaa chako cha kusafisha picha za gizani kitapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, kwa kuwa kinatumia akili mnemba zalishi, ile inayotengeneza picha au maandishi mapya. Kwa hilo peke yake, hapana. Mkaguzi wa ofisi ya hataza atataka kujua umetatua tatizo gani la kiufundi, na kwa njia gani ambayo mtaalamu wa fani hiyo asingeifikia kirahisi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa mfano, huihesabu modeli ya akili mnemba yenyewe kuwa hisabati tupu mpaka itumike kwa lengo la kiufundi. Kupunguza chengachenga kwenye picha ni lengo la namna hiyo.

Wengi huangukia kwenye maelezo ya uvumbuzi ndani ya ombi. Usiandike tu "modeli hutoa picha safi". Sema inapokea nini: tuseme picha ghafi pamoja na kiwango cha mwanga kutoka kwenye kihisi. Ilifunzwa kwa jozi zipi za picha? Inazuiwaje kubuni sura ambayo haikuwepo? Hapo kwenye swali la mwisho ndipo uvumbuzi wako huenda umelala, kwa hiyo upe kurasa za kutosha, tafadhali.

Jina la mvumbuzi liwe la binadamu. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 2023 katika kesi ya DABUS, mfumo wa akili mnemba uliotajwa kwenye ombi kuwa ndio mvumbuzi. Na usianike chochote hadharani kabla ya kuwasilisha ombi.