Maswali yenu: Sapu ya takwimu na vifuu vya madafu

Wiki hii barua karibu zote ni za wanafunzi wa udaktari. Nadhani matokeo yametoka.

*Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa pili, nina sapu ya takwimu. Nilikuja kusomea kutibu watu, sikuja kukokotoa. Somo hili litanisaidia nini wodini? (E., Upanga)*

Marahaba. Swali hili huletwa na wenye sapu tu, yaani wanaorudia mtihani; aliyefaulu hajawahi kuniuliza. Nalijibu kwa mara ya mwisho.

Chukua watu 1,000 wenye homa. Kwa mfano tu, tuseme 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Una kipimo kinachowakamata 9 kati ya hao 10, na kwa wasio na ugonjwa kinakosea mara 5 tu katika kila 100. Ungekisifia, sivyo? Haya, hesabu. Wasio na ugonjwa ni 990, na asilimia 5 yao ni kama 50. Kwa hiyo umepata majibu chanya 59, na wagonjwa wa kweli humo ni 9. Wale 50 wanarudi nyumbani na dawa za ugonjwa wasio nao, huku kilichowaletea homa kiko palepale. Hizo ni hesabu za shule ya msingi. Lakini daktari ambaye hajawahi kukaa nazo, akiona chanya anaandika dawa.

Na si mambo ya ubaoni tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi hii. Kati ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea damu ilipochunguzwa kwa makini. Kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi kwa wale wasio na vimelea. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha uniambie tena habari za wodini.

Achana na madesa ya kaka zako. Anza na jedwali la mbili kwa mbili (wenye ugonjwa na wasio nao upande mmoja, chanya na hasi upande wa pili), ulichore kwa mkono wako mpaka usinzie nalo.

*Daktari, mwanangu ana miaka sita. Kila akipata homa tunaambiwa ni malaria na taifodi kwa pamoja. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Ni kweli? (Mama wa Mbagala)*

Pole mama. Inawezekana, ila mara tatu mfululizo natia shaka. Uliza walitumia kipimo gani cha taifodi. Wakikuambia Widal, ujue kipimo hicho hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kingamwili, na kingamwili huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au kutokana na wadudu wengine. Kuotesha damu kunaaminika zaidi. Kusanya vyeti vyote vya nyuma umpeleke kwa daktari wa watoto avisome kwa pamoja. Dozi aliyoanza usiikatize kwa sababu yangu, na usimnunulie sipro, dawa ya kuua bakteria, dukani kwa kukisia. Akipata degedege, akilegea au akishindwa kunywa, usisubiri kuche.

Bwana E. wa Upanga, umeona barua ya mama huyu? Ndiyo sapu yako hiyo.

*Kati ya upasuaji na afya ya jamii, ipi ina hela? (Jina nimelihifadhi, Sinza)*

Upasuaji.

*Nimeshakusanya data za wagonjwa 60 kwa ajili ya utafiti wangu. Natafuta mtu wa kunifanyia uchambuzi, na thamani ya p iwe chini ya 0.05. Bei gani? (Daktari, Kimara)*

Yaani umeagiza jibu kama mtu anavyoagiza chipsi mayai! Hiyo p chini ya 0.05 ndiyo alama iliyozoeleka ya kudai kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya kubahatisha tu. Mwaka 1938 Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, alisema kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti tu, pengine aseme limekufa kwa nini. Kwa nini 60? Ulipigia hesabu gani, au ndio waliopita mbele yako kabla likizo haijaisha? Muone msimamizi wako kesho, na umweleze ukweli. Na wanaobandika matangazo ya "tunachambua data" nje ya vyuo, nawajua.

*Tumepelekwa fildi kuhesabu vyoo na madimbwi. Hiyo si kazi ya bwana afya? (Wanafunzi watano, Kigamboni)*

Bibi zenu walifanya kazi hiyo bila posho. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, mnayoikariri kwenye orodha za virusi ilitambuliwa kwa Wamakonde kule kusini, kwenye mlipuko wa 1952, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo.

Mwaka 2014, dengi ilipotushika hapa Dar, niliwatoa wanafunzi wanane wodini saa nne asubuhi. Tulivuka barabara hadi kwenye lundo la vifuu vya madafu. Nikamimina maji ya kifuu kimoja kwenye bakuli jeupe. Walikuwemo viluwiluwi kama ishirini wakijinyonganyonga, na hiyo ndiyo hospitali ya uzazi ya mbu anayeeneza dengi, hatua hamsini kutoka getini. Mmoja wa wanafunzi wale asubuhi hiyo alikuwa ameandika kwenye faili "homa, chanzo hakijulikani". Tuliporudi aliomba faili lile na kuongeza mstari mmoja: mgonjwa anaishi wapi, na anashinda wapi mchana. Mchana, kwa sababu mbu huyo hasubiri muingie kwenye chandarua.

Vyoo mhesabu, na madimbwi mpime na kina.

*Daktari, tunaomba pasti pepa za takwimu za miaka mitano. (Wengi mno)*

Hapana.