Re: Bouzouki la zamani, nyuzi 6, uso umepasuka

Mambo mkuu. Kwa hiyo bouzouki (ala ya nyuzi ya Kigiriki yenye shingo ndefu) ulilonunua Athens lina ufa usoni na hujui lilikotengenezwa. Kwanza legeza nyuzi, halafu mulika tochi ya simu ndani ya tundu utafute lebo, ukikuta Stathopoulo, New York, huyo ni baba yake Epi wa Epiphone, ile kampuni ya magitaa, Mgiriki aliyehamia Marekani, hapo umepata dhahabu. Nyuzi 6 kwa jozi tatu ndo mtindo wa kale, hizi za 8 zilivuma miaka ya 1950 na mwanamuziki Mgiriki Manolis Chiotis, so fundi asikuongezee nyuzi! Ufa usiutie supaglu, tumia gundi ya ngozi ya wanyama, inafunguka kwa joto na maji. Tupia picha ya shingo, kama imepinda gharama iko hapo.