Maswali ya Wasomaji: Babu Anaichora Vita ya Kagera

SWALI: Mhariri, shikamoo. Babu yangu alipigana Vita ya Kagera, lakini miaka yote hakutusimulia lolote zaidi ya kwamba alifika Masaka. Siku hizi anachora kwa penseli kwenye madaftari ya watoto: daraja la Kyaka lililobomolewa, askari wakipita matopeni, mwenzake amelala kando ya barabara. Baba mdogo anataka tumnyang'anye madaftari kwa kuwa yanamrudishia majonzi. Tufanye nini? – Mjukuu, Bukoba.

JIBU: Marahaba, mjukuu wetu. Msimnyang'anye. Mtu aliyenyamaza tangu Kampala ilipotekwa Aprili 1979, kisha uzeeni akapata njia ya kusema, hastahili kuzibwa mdomo na watu wa nyumbani kwake.

Mwaka 1974, mzee mmoja aliyenusurika bomu la atomiki la Hiroshima alipeleka mchoro wake kwenye kituo cha utangazaji cha NHK mjini humo. Kituo kikawaalika manusura wengine nao wachore, na hadi mwaka uliofuata zilikuwa zimekusanywa picha zaidi ya 2,000, nyingi za watu wasiowahi kujifunza uchoraji, ambao waliandika juu ya picha zenyewe mahali, saa na yale waliyoyaona. Maandishi hayo ndiyo ninayotaka myazingatie, kwa sababu msipoandika maelezo ya babu sasa, hakuna atakayeweza kuyaandika baadaye.

Kaa naye akiwa ametulia, umwulize kuhusu mchoro mmoja tu: hapa ni wapi, mlikuwa mkitoka wapi, huyu ni nani. Akinyamaza, usimsukume. Akitaja jina la mwenzake yule, liandike nyuma ya karatasi kwa penseli, maana huenda ndugu zake hawajawahi kuelezwa alivyofariki. Usimsahihishe hata kama daraja lake halifanani na lile la kwenye picha za magazeti. Anachora alichokibeba moyoni.

Hofu ya baba mdogo ina msingi. Babu akikosa usingizi, akitetemeka au akikataa chakula baada ya kuchora, mpelekeni hospitali akaonane na mtaalamu wa afya ya akili, bila kumwekea uchoraji kuwa kosa.

Mnunulieni karatasi nzito za kuchorea. Michoro ipigeni picha kwa simu, kisha muihifadhi mbali na jua, unyevu na mchwa, wala msiigandishe kwenye plastiki. Kabla ya kumwonyesha mtu wa nje, mwombeni babu ruhusa kwa kila mchoro. Baba mdogo naye akaribishwe kusikiliza, kwa kuwa bila shaka kuna maswali ambayo mwana angependa kumwuliza baba yake.