Mkeo ana miezi minane, mpo shambani Tandahimba, usiku hakuna usafiri

Kaka, umeuliza ufanyeje uchungu ukimshika usiku wakati hata bodaboda hazipiti. Andika namba hii ukutani leo: 115. Ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga; haikati salio, hata kitochi kinatosha.

Anayepokea atakuuliza maswali: mimba ina muda gani, damu inatoka, kichwa kinauma sana, anaona maluweluwe? Majibu yako ndiyo yanayoamua apelekwe zahanati au moja kwa moja hospitali. Akiona ni dharura, anatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali anampigia dereva jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa na kupewa mafunzo. Hospitali nayo inajulishwa mapema. Dereva halipwi na wewe, kwa hiyo usianze kuuza korosho usiku.

Mdogo wangu alipotokwa damu, tulipoteza muda mwingi kumwelekeza dereva kwenye mchanga ule, huku kadi ya kliniki ikitafutwa chini ya godoro. Inaniuma hadi leo. Kwa hiyo mjue jina la kitongoji na alama ya karibu, mtu asimame barabarani na tochi, kadi ikae mlangoni.

Kama alishawahi kupasuliwa, au ana presha, nakusihi usisubiri simu. Mhamishe mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali.

Akishajifungua namba hiyohiyo inamhudumia siku 42, na mtoto siku 28.