Usiyavue maparachichi machanga matawi ya chini

Weka mkasi chini kwanza ndugu yangu, uliyouliza kuhusu mbolea na miti ya pichi yatafuata. Miche 80 ya Hass, ile aina ya parachichi, yenye umri wa mwaka na nusu, hapo Njombe, halafu Juni hii unataka kufyeka matawi yote hadi usawa wa kiuno "shina liwe safi"? Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na miti ilinifia.

Parachichi si mlingoti. Mti wa mbao unaondolewa matawi ya chini ili mbao isiwe na vifundo. Wewe unatafuta matunda, na yale matawi ya chini ndiyo kivuli cha shina. Gome la parachichi changa ni jembamba, halistahimili jua kali. Ukiliacha wazi bila matawi, upande wa kaskazini na wa magharibi unababuka, unageuka kahawia, unakauka na kupasuka, kisha fangasi na wadudu wanaingia humo. Mti haufi siku hiyo. Unadumaa kwanza, ndiyo maana watu wanalaumu mbolea. Na ukikata Juni, mti unatoa machipukizi laini katikati ya jalidi. Asubuhi unayakuta meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Walionifundisha ufyekaji huu walikuwa wamezoea mashamba ya mbao. Walilipwa kwa idadi ya miti, na Oktoba hawakurudi kuona walichoacha. Inaniuma sana.

Cha kuondoa ni maotea yanayochipua chini ya kiungio, yaani pale mche ulipounganishwa, hayo wakati wowote. Yakiwa bado laini yasugue kwa kidole gumba. Tawi linaloburuza chini lifupishe tu, usiling'oe lote. Mche unaokwenda juu bila kutawanyika, ufikapo kama mita 1, chuma ile ncha laini ya juu kwa vidole. Mengine subiri jalidi ipite, mwisho wa Agosti au Septemba, siku kavu. Usizidishe robo ya majani. Kata karibu na shina, lakini acha ule uvimbe wa mwanzo wa tawi, maana ndipo kidonda kinapofungia. Ukiacha kisiki kitaoza. Mkasi ufute kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine.

Kama kuna miche umeshaikata, koroga chokaa na maji iwe nzito kama uji, upake shina lote lililo wazi leo hii, kuanzia ardhini hadi kwenye majani. Mvua ikiosha, paka tena.