Mleta mada, hiyo leza ya kijani usiibonyeze leo usiku

Usiibonyeze. Irudishe kwenye boksi kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma bandiko lako. Umenunua leza ya kijani mtandaoni, imeandikwa inafika maili 10. Uko Dallas, unataka kuwaonyesha wanao nyota wikiendi hii. Unaulizia betri zinazodumu, kama inaruhusiwa kwenye begi la mkononi ukienda Dar Desemba, na wapi utapata punguzo ukiongeza tatu za kuwapelekea watoto wa dada yako. Halafu katikati hapo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukasema jana uliielekeza kwenye ndege "kujaribu tu" ukaona mwanga hauifikii. Mimi nilisimama hapo hapo. Mengine sikuyasoma vizuri, utanisamehe.

Mkuu, mwanga uliifikia.

Ile fimbo ya kijani unayoiona inakatika angani haijakatika. Unaiona kwa sababu vumbi na unyevu wa hewa ya huku chini vinarudisha sehemu ndogo ya mwanga machoni mwako. Huko juu hewa ni safi zaidi na kinachokurudia ni kidogo mno, ndiyo maana unadhani umeishia pale. Unaendelea mpaka ugonge kitu. Tena unatanuka: leza nyingi za mkononi zinatanuka kama mita moja kwa kila kilomita, kwa hiyo umbali wa kilomita tatu kile kinukta chako kimeshakuwa duara la mita tatu. Kioo cha mbele cha ndege kinaenea humo chote.

Na rubani haoni kinukta. Kioo chake kina mikwaruzo midogo na vumbi, mwanga ukigonga pale kinawaka kijani kizima. Macho yake yameshazoea giza, ghafla haoni barabara ya kurukia, na mwanga ukiondoka linabaki doa machoni linalokwenda kila anakotazama. Mara chache sana leza itampofusha moja kwa moja kwa umbali ule. Shida ni kwamba anapofushwa kwa muda akiwa chini, usiku, anatua, na nyuma yake kuna watu wamefunga mikanda. Kijani ndiyo mbaya zaidi, maana jicho la binadamu linakiona kikali mara nyingi kuliko nyekundu ya nguvu ile ile.

Sasa wewe wa komenti ya nne, uliyemwambia "acha woga, ndege iko mbali". Nilikuwa na rafiki kama wewe. Kwenye kundi letu la WhatsApp yeye ndiye mtaalamu wa kila kitu: kodi, magari, viza, sumaku. Ndiye aliyenitumia kiungo cha duka, ndiye aliyesema "mwanga unaishia pale unapouona unaishia". Nina shahada mimi, msinicheke. Nilimwamini.

Tulikuwa uani kwangu hapa Texas, nyama iko jikoni, watoto wamejaa. Nikawaonyesha Kilimia, nikawaonyesha sayari ya Mshtarii, wageni wanasema aisee, nami kichwa kimevimba. Kulikuwa na nuru nyingine chini kidogo, nyeupe, imetulia tuli. Nikasema na ile ni sayari. Nikaipiga. Mwanangu akasema, "Baba, hiyo sayari ina taa nyekundu." Huyo mtaalamu wa sumaku akacheka, akasema piga tena tuone kama inafika.

Nikapiga tena. Hapo ndipo pesa zangu zilipokwenda.

Kitu ambacho hakuna video hata moja ya wauza leza itakuambia ni hiki: ndege au helikopta inayokujia uso kwa uso haionekani kutembea. Taa yake inakaa pale pale kama nyota. Kwa hiyo usinijibu kwamba wewe utapiga nyota tu. Hata mimi nilikuwa napiga nyota tu. Ilikuwa helikopta ya polisi, na helikopta ndiyo mbaya kuliko ndege kubwa: inaruka chini, vioo vimeizunguka, na ina kamera ya joto. Kutoka kule juu ile fimbo ya kijani inaanzia mkononi mwako, huhitaji upelelezi. Waliiona leza, wakaiona nyumba, wakaliona jiko la nyama. Magari yalifika nyama haijaiva.

Nililala kituoni. Mwanasheria akapigania kesi ya jinai isifike mbali, kwa sababu sheria ya Marekani ya 2012 inataka uwe umeielekeza kwa kujua, na adhabu yake ni hadi miaka 5 jela na faini hadi dola 250,000. Nikashusha pumzi. Kumbe kuna faini ya pili, ile ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, haina mahakama ya jinai wala haikuuliza sana nilikusudia nini. Wakati ule FAA walikuwa wanatoza hadi dola 11,000 kwa tukio moja, na wameshawatoza watu waliorudia rudia hadi 30,800. Yangu sitaitaja, mke wangu anasoma humu. Siku hizi tukibishana haongei, ananyoosha kidole juu tu, mjadala unafungwa.

Lakini hata hiyo faini siyo iliyoniumiza. Nilikuwa najiandaa kuomba uraia. Ile fomu ya N-400 inauliza kama umewahi, narudia, UMEWAHI, kukamatwa au kushikiliwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa. Ukijibu hapana umedanganya serikali, na hilo ni kosa kubwa kuliko leza. Ukijibu ndiyo, unaambatanisha makaratasi, unaeleza, unasubiri. Wenzangu nilioanza nao wameshapiga kura. Wewe una kadi ya kijani ya ukaazi kama niliyokuwa nayo, umesema mwenyewe. Unataka kuiweka rehani kwa ajili ya kuonyesha nyota?

Na hilo duka! Kibandiko kilisema nguvu yake iko chini ya miliwati 5, ndicho kiwango kinachoruhusiwa Marekani kwa leza za kunyooshea. Ilipopimwa ilizidi, tena vibaya. Nikadhani nimeonewa peke yangu, mpaka nikasoma kwamba mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima leza zaidi ya mia moja zilizonunuliwa kawaida tu, na karibu 90% ya zile za kijani hazikutimiza kanuni. Nyekundu, 44%. Yaani kibandiko ni pambo. Niliwaandikia wale jamaa wa duka, wakanijibu kwa emoji ya nyota na kuponi ya punguzo. Kuponi!

Hapa ndipo sera ya Marekani inaponichosha. Wanamfunga mnunuzi, muuzaji anaendelea kutuma vifurushi. Mwaka 2010 marubani Marekani waliripoti kupigwa leza mara 2,836. Sheria kali ikaja 2012. Mwaka 2023 ripoti zikawa 13,304. Kama jela peke yake ingetosha tungeshaona. Kanada walifanya kitu chenye akili: tangu 2018, ukikutwa na leza ya mkononi inayozidi miliwati 1 ndani ya kilomita 10 kutoka kiwanja cha ndege, au popote katika eneo la Toronto, Montreal au Vancouver, bila sababu halali, unapigwa faini hata kama hujaibonyeza. Australia walibana uingizaji wenyewe baada ya ndege kadhaa kulengwa Sydney mwaka 2008. Uingereza nao wana sheria ya 2018, hadi miaka 5, na haisubiri ithibitishwe kwamba ulitaka kuhatarisha ndege. Mngeniuliza mimi, ningeanzia bandarini, si uani kwa mtu.

Najua atatokea wa kusema mbona hakuna ndege ya abiria iliyoanguka kwa leza. Kweli. Ila Februari 2016 ndege ya Virgin Atlantic ilitoka Heathrow kwenda New York ikapigwa leza, rubani msaidizi akajisikia vibaya, wakageuza wakarudi London na abiria wote. Hiyo ni ndege kubwa yenye marubani wawili. Helikopta ya wagonjwa mara nyingi ina mmoja.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine sahau: kama huoni ukuta mwisho wa mwanga, usibonyeze. Ukuta, ubao, dari ya ukumbi, sawa. Anga si ukuta. Mti si ukuta, majani yanapitisha. Kioo cha dirisha si ukuta. Usiniulize "na kama nimehakikisha hakuna ndege", Dallas mna viwanja vya ndege vya DFW na Love Field, hapo hakuna dakika isiyo na ndege. Na hiyo ya jana, usiirudie hata kwa kunionyesha mimi kwamba haifiki.

Watoto wa dada yako wanaishi Kipawa au wapi? Maana nakumbuka Kipawa na Kiwalani, jirani na kiwanja cha ndege cha Dar, ndege zinapita juu ya mabati unaweza kusoma maandishi tumboni. Unawapelekea watoto watatu leza pale? Wapelekee mpira. Wanao hapa wapakulie programu ya nyota kwenye simu, za bure zipo nyingi, au wanyooshee Kilimia kwa kidole kama tulivyonyooshewa sisi.

Betri ulizouliza: zitoe.